Mtu wa Mwisho, Kulia

Waseem alimfuta yule mtu wa pichani macho kwanza, kisha pua, kisha mdomo. Kila alipobofya, kompyuta ya dukani iliganda, naye akaisihi kwa sauti.

"Leo tu, nisitiri leo tu."

Programu ilikuwa ya bure, ameishusha jana mtandaoni pamoja na nyongeza yake ya kubadilisha nyuso. Dishon, mpiga picha wa mtaa wa Ganjoni, alikuwa amemkatalia waziwazi. "Picha ya ushahidi mimi siigusi, ndugu yangu." Basi Waseem, muuza nyaya na balbu ambaye hajawahi kuhariri hata picha ya paka, amejifundisha kwa siku moja. Shida ni mwalimu mkali.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Saa nne kamati ya kuhakiki ukaazi ingekaa, na hiyo ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Binti yake, Lubaba, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Bila kitambulisho, Ijumaa nafasi ingekwenda kwa mwengine. Na kitambulisho hakikutoka, kwa kuwa kamati ilitaka jambo moja: ushahidi kwamba babu yake Waseem, Ghulam, aliishi Mombasa kabla ya uhuru.

Ushahidi gani? Ghulam alikufa kabla Waseem hajazaliwa. Karatasi zake zililiwa na mchwa. Picha yake haikuwako hata moja, na Waseem hakujua kama babu yake alikuwa mrefu au mfupi.

Ndipo akazunguka Mji wa Kale nyumba kwa nyumba akiomba picha yoyote ya zamani. Kwa Bi Mwanakuu, jirani yao, aliipata: watu saba mbele ya duka la barabara ya Ndia Kuu, na juu ya mlango umeandikwa mwaka, 1958.

"Chukua kabisa, mwanangu," alisema yule mama. "Hii ni yenu kuliko yangu. Keti basi, hata hali hujanijulia."

"Nakimbia, mama. Nitarudi."

Katika mji ule mtu hatoki kwa mzee kabla ya kuulizwa watoto, wajukuu na hata paka wa nyumbani. Waseem alitoka na kiatu kimoja hakijaingia vizuri mguuni.

Sasa akachukua picha yake mwenyewe ya siku ya arusi, akaikata uso, akautia juu ya shingo ya yule mtu wa mwisho, kulia. Alimchagua huyo kwa kuwa amejitenga kidogo na wenzake. Akaufifisha uso, akautia madoa ya uzee. Alikuwa mtu mwaminifu, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini alipomkumbuka Lubaba akilia jikoni huku amefungulia maji ili asisikike, aliendelea.

Alipomaliza, akahifadhi juu ya ile ya mwanzo aliyoiskani. Akachapisha nakala. Picha ya karatasi akaichoma kwenye chetezo cha ubani, isije ikatokea mtu wa kuzilinganisha.

Saa nne na nusu alikuwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Awiti, aliishika nakala kwa ncha za vidole.

"Babu yako ni yupi hapa?"

"Huyu wa mwisho, kulia."

Awiti akaitazama picha, akamtazama Waseem, akairudia picha. Uso wake ukalegea.

"Hata pua ni moja," akasema, akauvuta muhuri karibu.

Mlango ukagongwa. Lubaba akaingia, amemshika mkono Bi Mwanakuu aliyekuwa akihema kwa ngazi.

"Mtuwie radhi," akasema Lubaba, macho yanang'aa kwa furaha. "Nimemletea baba shahidi. Bibi alikuwako siku picha hii ilipopigwa. Nimekwenda kumshukuru asubuhi, ndipo akaniambia."

Awiti akamsogezea yule mama picha. Bi Mwanakuu akafuta miwani kwa ncha ya buibui, akainama.

"Huyu ni baba yangu, mwenye duka. Huyu mdogo ni mimi. Na huku mwisho ndiye Ghulam wetu. Nilipomsikia Waseem yuwatafuta picha, nikasema hii ndiyo ya kumpa, hana nyengine..."

Kidole chake kikasimama. Akaileta picha karibu na miwani, kisha akainua uso, akamtazama Waseem.

"Kanzu ni ya Ghulam, na kusimama ni kwake," akasema taratibu. "Lakini huu uso ni wako wewe, mwanangu. Wake umeutia wapi?"