Sauti ya Ndũkũ

Siku hizi marehemu huzungumza nasi kupitia ukurasa wake mtandaoni, mradi jina lake lionekane sawasawa. La mama yetu, Ndũkũ, lilitoka na vimraba viwili vitupu mahali pa ũ, na ukurasa ukabaki bubu. Mwaka mzima nilimkataza Baba kukubali marekebisho ya wenye mtandao, ya kuliandika bila alama.

"Zile alama juu ya herufi ni zake," nilifoka. "Nani kawapa ruhusa ya kumbatiza upya?"

"Kaa na kiburi chako cha mshairi," Baba alinijibu. "Lakini jioni huongei na mimi. Yeye alikuwa akiongea."

Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta amevaa shati la sikukuu. Alikuwa amekubali. Sauti ya Mama ilijaa sebule nzima, ikicheka.

"Mama," nikaita, "hebu taja jina lako."

Akalitaja lile lililorekebishwa, kwa sauti ya u ya kawaida, bila kusita, kama mtangazaji wa habari.

"Siyo hivyo, Mama. Jaribu tena."

"Mwanangu," akasema kwa upole, "jina jingine sina."

Baba akanivuta mkono. "Mwache mama yako. Keti."

Nikaketi, nikitamani aniite mwanangu tena.