Faili ya Marehemu Ondieki

"Zipange kazi zako kwa tarehe," afisa alisema, na vidole vya Leonida, vilivyokuwa vimepiga chapa kadi za nusu ya harusi za Migori bila yeye kuangalia, vikasahau herufi zinakaa wapi.

Afisa alikuwa ameingia peke yake, mchana kweupe. Akafunga mlango, akageuza kibao upande wa "Tumefunga", ndipo akatoa kitambulisho. Mochama, usalama. Alitafuta chanzo cha karatasi iliyobandikwa sokoni Alhamisi, ile iliyouliza pampu ya maji ya kijiji ilitembea kwa miguu gani mpaka ikafika shambani kwa mkubwa fulani. Kompyuta za kupigisha chapa mjini zilikuwa tatu tu. Mbili, alisema, ameshazipekua.

Leonida alijua habari za mpiga chapa wa Homa Bay. Alibebwa na Landrover ya polisi mwezi uliopita kwa karatasi fupi kuliko hii, na mpaka leo mumewe anazunguka vituoni na nguo zake safi kwenye mfuko. Leonida hakuwa hata na mume wa kumzungushia nguo. Alikuwa na mama yake kule Karungu, na mama huyo alikuwa na miguu mibovu.

"Hizi ni nini?"

"Harusi, afande. Hizo za chini ni harambee. Zile nyingi ni barua za kuomba kazi."

Kwa kuwa mteja mmoja kati ya watatu aliitwa Otieno, Leonida alizipanga kazi zake kwa shughuli, si kwa majina. Na katika shughuli zote, MATANGA ndiyo iliyokuwa na amani. Marehemu harudi kulalamika kwamba jina la shemeji limekosewa, na walio hai hawapendi kuchungulia huko. Hata fundi wa redio wa mlango wa pili, anayechungulia kila kitu, akiona neno hilo kwenye skrini hugeuza uso.

Basi karatasi ile aliificha humo, kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, sembuse kufa: ONDIEKI.

Ilikuwa imemfikia chini ya beseni la samaki wa omena, kurasa mbili za mkono. Mchuuzi hakusema zinatoka kwa nani, alisema tu akishaipiga chapa asiifute kwenye mashine, itahitajika tena. Mwandiko ulikuwa wa kuku aliyelewa. Mstari mmoja ulimshinda kabisa. Akauruka, akamwomba msamaha moyoni mwandishi asiyemjua, kisha akazitia zile kurasa motoni chini ya sufuria ya ugali. Habari ya mstari ule hakumwambia mtu.

Sasa skrini ilijipanga upya, tarehe juu ya tarehe. Mochama alivuta stuli, akakaa karibu mno.

"Anza na Jumanne ya wiki jana."

Jumanne ile kazi zilikuwa tatu: kadi ya harusi, barua, na marehemu.

"Huyu Ondieki alizikwa lini?"

"Jumamosi, afande."

"Jumamosi gani?"

"Ile ya kabla. Ya kabla kabisa." Alitaka marehemu awe mbali naye iwezekanavyo.

Mochama aliweka kidole juu ya kioo. "Alizikwa Jumamosi. Ratiba ya mazishi ikapigwa chapa Jumanne. Waombolezaji walisoma nini, mawingu?"

Miaka minne Leonida alikuwa amepanga mafaili kama mtu anayepanga vyombo kabatini, na siku zote hizo mashine ilikuwa ikiandika siku na saa ya kila kitu pembeni, kimyakimya, kama jirani mbaya. Alisema kwa sauti ndogo kwamba marehemu wa watu si wa kuchokorwa hivi, kwamba kwao ni vibaya.

"Madam. Fungua."

Akafungua. Hapakuwa na msalaba juu wala wimbo wa kuanzia. Ilikuwa pampu tu, na shamba, na mkubwa, mstari kwa mstari, herufi za kijani kwenye giza la kioo. Leonida alizitazama kandambili zake chini ya meza na kujiuliza kama huko kituoni watu hupelekwa nazo au huachwa pekupeku.

Mochama alisoma polepole, midomo ikicheza. Tone likadondoka kwenye kibodi. Leonida alidhani ni jasho lake mwenyewe, mpaka alipoona limetoka kwenye kidevu cha afisa.

Akafika mwisho. Akarudi juu, akashuka tena, akasimama katikati. Akautazama mlango kwa muda mrefu.

Kisha akainama mpaka sikioni mwake.

"Hapa, baada ya pampu," akanong'ona, "uliruka mstari."