Feni Moja

Washenga walipokaribishwa sebuleni, Bi Mwanasiti aliona feni imewapa mgongo. Mumewe alikuwa ameielekeza kwenye tangi lake la samaki na matumbawe, maana alikuwa amewasha taa zote za tangi ili wageni waone rangi, na taa zile zilipasha maji moto kama jiko.

"Baba Subira," alimnong'oneza, "watu waliokuja kumposa mwanao wanatota jasho."

"Kipimajoto kimepanda, mke wangu. Maji yakizidi moto, matumbawe yatapauka yafe."

"Basi zima taa."

"Nikizima wataona nini?"

Mshenga mkuu alikuwa katikati ya kumsifu kijana wao. Akasita ili afute kipara kwa leso, akasahau alipofikia. Shangazi wa kijana alijipepea kwa ncha ya mtandio huku akitazama mlango.

Bi Mwanasiti akainuka. Akazima taa moja baada ya nyingine, kisha akawageuzia wageni feni. Mumewe akainamia kipimajoto.

Sebule ikaingia kivuli. Shangazi akashusha pumzi, na baada ya kitambo akasogeza kiti karibu na tangi.

"Hawa wadogo wa rangi ya chungwa, wanalala wapi?"

Baba Subira akachuchumaa kando yake kumwonyesha. Mshenga akaanza hotuba upya, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Bado lina joto," Baba Subira alisema, kiganja juu ya kioo. Shangazi naye akaweka chake.