Gari Lisiloibika

Kulipopambazuka, Léonard aliinua pembe ya pazia kwa kidole, akachungulia nje. Gari lilikuwepo. Akashusha pumzi, na hata yeye mwenyewe hakujua kama ilikuwa ya kushukuru au ya kusikitika.

Lilikuwa gari dogo la milango minne, la kawaida kabisa siku aliyolinunua. Alilishusha springi mpaka likawa linaogopa matuta kama paka anavyoogopa maji. Alilivisha rimu za rangi ya shaba, na nyuma akalipachika bawa ambalo mkewe, Sabine, aliliita meza ya kupigia pasi. Eksozi yake ilinguruma kama simba, ingawa halikuwahi kulipita hata basi la shule.

Msimu ule wezi wa magari walikuwa wameishukia Toronto kama nzige. Wa kwanza kuibiwa alikuwa Nadim, mzaliwa wa Dar es Salaam. Akafuata Abigael, Mkenya, ambaye lake lilitolewa kwenye maegesho ya chini ya jengo lao. Hao ndio waliokuwa wenzake Léonard. Kila Jumapili, mvua inyeshe au jua liwake, walikutana nyuma ya duka la fanicha lililofungwa kule Mississauga, wakafungua maboneti na kusifiana.

Baada ya wizi, kikao kiligeuka matanga. Watu wakaleta sambusa. Abigael alipitisha simu yenye picha za marehemu, na Nadim akasimulia upya jinsi lilivyokuwa likiwaka kwenye baridi kali, kwa mguso mmoja. Léonard, pekee aliyekuja na gari lake, alisimama kando kama mtu aliyevaa nguo za harusi msibani.

"Lako bado lipo, kaka?" Nadim alimuuliza, kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

"Lipo."

"Pole sana."

"Buda, mwizi naye ana macho," Abigael akadakia. "Hiyo yako hata ukimwachia na ufunguo, atakuuliza kama kuna ingine."

Wakacheka. Léonard naye akacheka.

"Wanakuja," alisema. "Wanaona ulinzi, wanageuka."

Ikabidi basi uwepo ulinzi. Alinunua kufuli la usukani, chuma cha manjano kizito kama mchi. Akaficha chini ya kapeti swichi ya kukata umeme. Akafunga king'ora. Ufunguo akautia ndani ya kopo la maziwa ya unga ili mawimbi yake yasinaswe. Kisha, kwa kuwa ulinzi bila watazamaji ni hasara, akaliegesha gari mdomoni mwa njia ya nyumba, pua ikitazama barabara, kila mpita njia alione. Nyuma yake, ubavuni mwa nyumba, lilikaa la Sabine: gari la mlango wa kusukuma, rangi ya majivu, lenye harufu ya ndagala, dagaa wa kwao, na vitabu vya kwaya. Kila alfajiri Sabine, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea, ilimlazimu amwamshe mumewe alitoe lake njiani.

"Papa Gaël, unalinda nini hasa? Hata mimi mkeo ukinipa, silitaki."

"Mama Gaël, wewe hujui magari."

Ukweli ni kwamba hakuwa akililinda. Alikuwa akitafuta shahidi. Mwizi mmoja tu, mwenye akili zake timamu, angelitamani lile gari na kushindwa, Léonard angesimama nyuma ya duka la fanicha kifua mbele maisha yake yote.

Asubuhi hii, kabla hajaliachia pazia, aliona nyayo.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na ilikuwa bado inaanguka. Ilizifunika nyayo nusu, lakini zilionekana: zimetoka barabarani, zimelizunguka gari, zimesimama mlangoni kwa dereva. Nyayo za watu wazima, wenye viatu vya kazi.

Alitoka na kandambili. Vidole vikamganda, asihisi. Akawapigia wenzake simu ya video.

"Amkeni! Wamekuja!"

"Kina nani?" Nadim alikuwa bado na alama za mto shavuni.

"Wezi! Tazameni nyayo! Wamezunguka, wamejaribu, wameshindwa!" Akaipitisha simu juu ya boneti, akaishusha kwenye rimu, akaituliza mlangoni.

"Wueh!" Abigael alishika kinywa. "Kumbe ina wapenzi! Buda, nilikukosea. Naomba msamaha mbele ya Nadim."

"Hongera, kaka," Nadim akasema, sauti ikimtetemeka kidogo. "Sasa wewe ni mwenzetu."

Machozi yakamlenga Léonard. Akajikohoza, tayari kutoa hotuba.

"Papa Gaël!" Sabine alikuwa ametokeza mlango wa mbele, mkoba begani. "Achana na hiyo simu! Toa gari, nachelewa kazini!"

"Natoa, mpenzi, natoa!"

Alipangusa theluji kwenye mlango kwa mkono mtupu, kama anayemfuta mtoto jasho. Akafungua, akaketi, akanyoosha miguu.

Haikufika kwenye pedali. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kwa kipimo cha mtu mrefu. Kufuli la manjano lilikuwa limelazwa kwenye kiti cha abiria, limefungwa mkanda.

Léonard aliinua macho polepole kwenye kioo cha ndani, akatazama nyuma kupitia ufa mwembamba wa theluji. Aliuona ukuta wa jirani wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila lile gari la rangi ya majivu kuukinga. Wezi walikuwa wamelitoa lake njiani, wakachukua walilolifuata, kisha wakalirudisha lake palepale.