Vidole Vitatu

Khalfani alifungua kifuniko cha juu cha shokapu ya mbele ya pikipiki yake, ya kushoto, akachungulia, kisha akafungua na cha kulia. Vile vipande viwili vya bomba, ambavyo fundi Shomari alivipachika juu ya springi ili kuzikaza, Jumapili iliyopita mbele ya macho yake, havikuwemo.

"Kumbe!" alisema, na ua mzima wa nyumba yake ya Tandika ukamsikia.

Ramadhani nzima alidhani pikipiki ni mbovu. Siku za kazi gari la ghala la Kipawa alikofanya kazi lilimpitia, pikipiki ikabaki bandani chini ya turubai. Jumamosi akiipanda kupeleka mitumba yake sokoni, mbele inazama, na kila shimo ni chuma kwa chuma. Jumapili Shomari anaikaza. Jumamosi inayofuata imelegea tena. Mara Shomari aseme sili zimechoka, mara oili nyepesi. Leo Khalfani aliamua kujifungulia mwenyewe.

Sasa alielewa. Kulikuwa na mtu mwepesi aliyekuwa akiipanda kwa siri na kuilegeza iendane na uzito wake. Mwizi mwenyewe wa ajabu, maana tangi alilirudisha limejaa.

Khalfani hakuhitaji kutafuta mbali. Mdogo wake Suhaib alikuwa mwembamba, tena fundi baiskeli, na sanduku lake la spana lilikaa chini ya kitanda chake.

"Mie hata gia siijui, braza," Suhaib alijitetea.

"Leo tutajua."

Akavifunga vile vifuniko, akaita watu wote wa nyumbani, akaagiza na Shomari aitwe awe shahidi. Shomari alikuja mkono mmoja mfukoni, jasho likimtoka, ingawa jua lilikuwa halijawa kali.

Khalfani akafunga kipande cha mpira kwenye bomba la shokapu linalong'aa, kiwe alama ya kipimo. Kanuni alifundishwa na Shomari huyohuyo: mwenye pikipiki akikaa, mbele izame vidole vitatu. Ikizama pungufu, ni ngumu kwake. Ikizidi, ni laini. Yeye Khalfani, mtu wa kilo mia na ushee, bila vile vipande alizamisha sita. Basi atakayezamisha vitatu kamili, pikipiki imelegezwa kwa ajili yake.

"Na wallahi naapa," alisema, "atakayepatikana atatoka nyumba hii kabla ya magharibi!"

"Hata awe nani, baba?"

Sauti ilitoka barazani. Bi Mwanakombo, mama wa mkewe Naima, alikuwa mkekani na tasbihi yake. Mkunga huyo mstaafu, aliyezungukia vijiji vya kwao Bagamoyo miaka ishirini akizalisha, alikuja kufunga Ramadhani na mwanawe, na tangu aje magoti yalikuwa hayamruhusu kuvuka kizingiti.

"Hata awe nani, mama," Khalfani alijibu akitazama chini. Hakuwahi kumkazia macho mkwewe tangu aoe, na hakuona sababu ya kuanza leo kwa ajili ya pikipiki.

Fransis, mpangaji wa chumba cha uani, alipanda wa kwanza. Vidole vitano. Akafuata Naima, anacheka.

"Fundi, ole wako uitangaze namba yangu."

Shomari akapima, akatikisa kichwa kwamba siye.

Suhaib akapanda. Shomari akainama.

"Vinne," alisema.

"Vinne kasoro!" Khalfani alisukuma kichwa chake karibu na gurudumu. "Na hapo ameshiba ugali wangu wa daku. Angepanda na njaa vingekuwa vitatu. Nenda kafungashe."

"Braza, niende wapi?"

"Kilwa."

Kwao Kilwa Suhaib hakuwa na kitu, si kazi wala kitanda, na Khalfani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Moyo ulimuuma. Mdogo wake mwenyewe, aliyemlea tangu mama yao afariki! Lakini ameshaapa, tena mbele ya mke, mpangaji na fundi, na mwanamume hawezi kumeza kiapo chake. Suhaib aliingia ndani, akatoka na begi na lile sanduku la spana, machozi yakimlengalenga. Naima hakucheka tena.

"Umeshawapima wote?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Wote, mama."

"Mbona mie sijapimwa?"

Fransis aliangua kicheko. Khalfani naye alitabasamu, akiitazama ardhi. Jiji zima hili, mkwe gani angemwambia mama wa mkewe atanue miguu juu ya pikipiki? Kisha akasikia tasbihi ikiwekwa chini. Akasikia ndara zikikokotwa hatua kwa hatua kuja bandani, na khanga ikikazwa fundo.

"Suhaib, weka begi chini," alisema Bi Mwanakombo.

Khalfani aligeuka haraka, akaupa uso ukuta, kama adabu inavyotaka. Nyuma yake springi zikalia kidogo, zikatulia. Kicheko cha Fransis kilikatika.

"Vingapi?" Khalfani aliuuliza ukuta.

"Vitatu," alisema Shomari. Alijibu upesi mno kwa mtu aliyepaswa kuinama kwanza akapime.

Mfukoni mwa fundi kitu kiligongana, chuma na chuma.

"Mama, vile vipande ninavyo hapa," Shomari alisema kwa sauti ya chini. "Nivirudishe?"

"Kaa navyo, mwanangu," alijibu Bi Mwanakombo, akapiga kiki moja tu, pikipiki ikawaka. "Mkwe wangu ameshaapa, na Bagamoyo ni mbali."