Mkaguzi wa Nyasi Kavu

Ketill aliuzamisha mkono hadi begani ndani ya nyasi kavu za Hallbera, akitafuta ukungu. Hakuupata. Akanuna.

Yeye ndiye mkaguzi wa bonde lile la kaskazini mwa Aislandi. Kila Machi hupita zizi kwa zizi kuona kama akiba itawavusha kondoo mpaka theluji iyeyuke. Mfugaji mzembe hunyang'anywa kundi, na malisho yake hupewa jirani. Jirani wa Hallbera alikuwa mmoja tu, Ketill mwenyewe, na malisho yale alikuwa ameyamezea mate kwa miaka.

"Shamba umelizungushia ua, bibie," alimcheka mjane huyo. "Unalificha ili nani asilione?"

"Linapumzika. Likikanyagwa sasa, kiangazi hakitaota kitu."

"Kondoo wangu wako nje tangu Krismasi, wanajitafutia. Kondoo si mgeni wa kuandaliwa meza."

Zizini kulikuwa na giza. Akakagua kwa mkono, akipapasa migongo chini ya sufu. Wote wanono. Alizidi kukereka, mpaka alipofika ukutani na vidole vikagota mifupa mitupu. Kondoo alikuwa amelala, hana nguvu hata ya kulia, bakuli la uji wa shayiri mbele ya pua yake.

"Oddur! Lete daftari!" alimwita shahidi wake, uso ukimng'aa.

"Bwana Ketill, huyo—" Hallbera alianza.

"Nyamaza! Porojo zako kamwambie kasisi. Oddur, andika: mwenye kondoo huyu ni katili na mvivu, hafai kufuga hata kuku. Anyang'anywe kundi zima, na malisho apewe jirani."

"Niandike hivyohivyo?"

"Neno kwa neno. Lete nitie sahihi."

Akatia sahihi kwa mbwembwe. Hallbera alifuta mikono kwenye aproni, akanyamaza kama alivyoamriwa.

"Bado alama ya sikio," Oddur alisema. "Lazima ionyeshe ni kondoo wa nani."

"Yumo zizini mwake, atakuwa wa nani tena?" Ketill alisonya, akainama, akayashika masikio. "La kulia limekatwa ncha. La kushoto mapengo mawili, na..."

Akaliachia sikio.

"Na tundu katikati," Oddur alimalizia, kalamu ikienda. "Hiyo naijua, bwana. Uliirithi kwa baba yako."