Majibu ya Mume

Kila nesi alipomuuliza Zuleha swali, mumewe ndiye aliyejibu.

"Hasahau kitu huyu. Duka zima la Majengo analo kichwani."

Kishikwambi cha nesi kilichagua swali kwa kufuata jibu lililotangulia, na kwa majibu hayo kilikaribia kufunga maswali kwamba hana tatizo la kumbukumbu. Zuleha alichoka. Tangu aanze dawa za saratani alikuwa akiunguza sufuria kwa kusahau, na leo ndiyo siku aliyotaka kulisema.

"Mzee, namuuliza mama," nesi alisema kwa mara ya tatu.

"Si nimeshakwambia yuko sawa?"

Zuleha akamshika mumewe mkono, amwambie asubiri nje.

"Baba..."

Jina la kifungua mimba wao, alilomwita nalo mumewe miaka ishirini, halikuja. Akalitafuta, midomo wazi.

Mumewe alimngoja. Kisha akavua baraghashia yake, akaikunja taratibu.

"Nesi," alisema, "tuanze upya."